Kila Pigo Lina Hesabu: Nimerudi kwenye Here Comes the Pain

Kama una PS2 iliyolala juu ya kabati, ishushe leo. Ipanguse vumbi, itafutie waya, ikibidi kaazime TV ya chogo kwa jirani, kisha tia diski ya WWE SmackDown! Here Comes the Pain. Nimelirudia gemu hili wiki hii na mpaka naandika vidole bado vinawasha! Lilitoka Marekani Oktoba 2003. Waliozaliwa mwaka ule leo ni watu wazima wanaopiga kura. Nami nasema bila kupepesa macho: katika magemu yote ya mieleka niliyoyashika tangu wakati huo, yakiwemo haya ya sasa yenye jasho linalong'aa na nywele zinazopepea, sijaona linalonikalisha ukingoni mwa kiti kama hili.

Siri yake naitoa mapema, nisikuweke roho juu. Gemu hili linahesabu maumivu. Linayahesabu kiungo kwa kiungo, linakumbuka, na mwisho wa pambano linadai kila senti. Mieleka ya kulipwa ni hadithi inayosimuliwa kwa mwili: nani kaumia wapi, nani kaliona jeraha, nani ataweza kuinuka. Waliotengeneza gemu hili walilielewa jambo hilo, wakaliweka katikati kabisa ya uchezaji.

Waundaji ni Yuke's ya Japani, na msambazaji alikuwa THQ. Hili lilikuwa toleo la tano la mfululizo wa SmackDown!, ulioanza mwaka 2000 kwenye PlayStation ya kwanza, na huko Japani linaitwa Exciting Pro Wrestling 5. Matoleo yaliyotangulia yalikuwa ya kasi: mbio, teke, rusha, mbio tena. Yalichangamsha, lakini ulikuwa ukibonyeza ovyo ukapata ushindi. Mwaka 2003 Yuke's wakaamua kuufumua mfumo wa kukamatana na kuusuka upya. Kwenye jalada wakamweka Brock Lesnar, bingwa wa mieleka ya vyuo vikuu vya Marekani mwaka 2000 na mbabe aliyekuwa akitikisa kila ulingo alioingia, na jina la gemu likatokana na ukelele ambao mtangazaji Tazz alizoea kuupiga Lesnar anapotokea.

Ulingoni

Sasa shika pedi! Bonyeza kitufe cha duara pamoja na mshale na mwanamieleka wako anamvaa mwenzake. Mishale ni minne, na kila mmoja ni mshiko wa aina yake. Upo mshiko wa kasi, wa nguvu, wa kubana viungo, na ule wa mbinu zinazomtambulisha mwanamieleka mwenyewe. Ukishamkamata, kila mshiko unakufungulia mbinu nyingine. Ghafla unafikiri! Nimbane mkono? Nimbebe nimbwage chali? Nimpige ngwala ya haraka kabla hajajinasua? Naye hakai kukusubiri, kwa kuwa kuna kitufe cha kuzuia mapigo na kingine cha kujinasua anapokamatwa. Akikisia sawasawa, anakugeuzia kibao, na wewe ndiye unayetazama taa za dari.

Kisha tazama ule mchoro mdogo wa mwili kwenye skrini. Kichwa, kiwiliwili, mikono, miguu. Kila kiungo kinachopigwa kinabadilika rangi, na kikifika nyekundu ujue mwenye nacho yuko mashakani. Hapo ndipo gemu hili linaponimaliza kabisa. Nilimchukua Kurt Angle, yule aliyeshinda dhahabu ya Olimpiki Atlanta mwaka 1996, nikamkabili Lesnar. Hao wawili ndio waliofunga onyesho la WrestleMania XIX mjini Seattle, Machi 2003, na Lesnar akaondoka na mkanda. Kwangu nilitaka matokeo mengine. Nikauandama mguu. Nikaupiga teke, nikaukunja, nikaukanyaga alipolala, nikamburuta hadi katikati ya ulingo nikaukunja tena. Yeye ananirusha huku na huko, kichwa changu kimeshageuka rangi, lakini mimi nang'ang'ania mguu uleule. Ulipowiva nikamtia Ankle Lock, ule mbano wa kifundo cha mguu. Vidole vinagonga vitufe kama mvua ya masika juu ya bati, kipimo kinasogea kwake, kinarudi kwangu, kinasogea tena... akapiga mkono chini! Amesalimu amri! Niliruka kitini nikapiga kelele peke yangu chumbani.

Hakuna mtangazaji aliyenieleza kilichotokea. Gemu hili halina utangazaji kabisa wakati wa pambano. Unachosikia ni muziki, makelele ya watazamaji na kishindo cha miili kwenye sakafu ya ulingo. Wala sikumhitaji mtu wa kunisimulia, maana hadithi nilikuwa nimeiandika mwenyewe kuanzia pigo la kwanza, na ilisomeka yote katika rangi za mguu ule.

Uzito nao una maana yake. Chukua Rey Mysterio mwenye umbo dogo, mpeleke kwa jitu Big Show, halafu jaribu kumnyanyua. Hanyanyuki! Itakubidi umkimbilie, umrukie kutoka kwenye kamba, umchoshe kidogokidogo, na usithubutu kuganda mbele yake. Kisha chukua Lesnar dhidi ya jitu hilohilo, na mchezo unageuka kabisa, maana huyu anayo misuli ya kulibeba. Juni 2003 Lesnar alilirusha jitu hilo kutoka juu ya kona kwenye kipindi cha SmackDown, na ulingo mzima ukaporomoka chini yao. Ukilicheza pambano hilo hapa unaona kwa nini watu waliliamini.

Chumba cha minyororo

Novemba 2002, katika Madison Square Garden jijini New York, kampuni ya mieleka ya WWE ilizindua Elimination Chamber: kizimba cha chuma na minyororo, wanamieleka sita, wawili wanaanza na wanne wanasubiri ndani ya vyumba vya kioo mpaka zamu yao ifike. Shawn Michaels ndiye aliyetoka na ubingwa usiku ule. Haikutimia hata mwaka mmoja, Yuke's wakawa wamelitia pambano hilo ndani ya diski, kwa mara ya kwanza katika mfululizo huu. Na lina joto! Chumba kinafunguka, mtu mpya anaingia akiwa na nguvu zake zote, wewe mkono wako umeshakuwa mwekundu, na papo hapo mnaunda urafiki wa dakika mbili na adui yako wa jana ili mmalize aliyeingia. Tena kuna Hell in a Cell, ambako mnaweza kupanda hadi juu ya paa la kizimba. Kuna ngazi, meza na viti, kuna Royal Rumble, kuna kupigana nje ya ukumbi kwenye egesho la magari. Kila uwanja unakufanya uyatumie maumivu kwa namna nyingine.

Waliomo

Orodha ya wanamieleka ni ya kukata pumzi. The Rock yumo, Stone Cold Steve Austin yumo, Undertaker wa pikipiki yumo, na yule wa zamani mwenye koti jeusi yumo pia kama gwiji wa kufungua. Wamo Triple H, Goldberg, Eddie Guerrero, Chris Jericho, Booker T na Rob Van Dam. John Cena yumo akiwa bado kijana wa kughani mistari na kuvaa jezi, kabla hajabeba mkanda wake wa kwanza wa dunia mwaka 2005. Randy Orton na Batista wamo wakiwa ndio kwanza wanachipukia. Ni mwaka wa makutano, wakongwe hawajaondoka na warithi wameshabisha hodi, na wote unaweza kuwakutanisha ulingoni.

Magwiji wa miaka ya themanini wanapewa heshima yao: Roddy Piper, Jimmy Snuka, Iron Sheik, Sgt. Slaughter, Ted DiBiase, na wale wawili wa rangi za usoni, Hawk na Animal. Hawk alifariki Oktoba 2003, mwezi uleule gemu lilipoingia madukani. Eddie Guerrero akamfuata Novemba 2005, na wengine kadhaa nao hawapo tena. Hapa Eddie angali anapanda kona, anatikisa mabega na kujirusha kwa Frog Splash yake, na mimi nimemchagua tena na tena kwa mapenzi tu.

Hayupo unayemtaka? Mtengeneze! Sehemu ya kuunda mwanamieleka ina kina cha kushangaza kwa mashine ya umri huu: sura, umbo, michoro ya mwilini, mavazi, namna ya kuingia ukumbini, na mbinu moja baada ya nyingine hadi pigo la kumalizia. Nimemuunda Mbabe wa Chumbageni, suruali nyekundu, kifua wazi, mwendo wa madaha, na sasa ananyemelea mkanda katika safari ya msimu.

Rangi zinazosomwa na wote

Kwetu Afrika Mashariki PS2 haikuishi sebuleni tu. Iliishi kwenye vibanda vya gemu, unalipia zamu yako, wenzako wamejazana nyuma yako wakikupa ushauri usiouomba. Mpira ulitawala foleni, lakini mieleka ilipowekwa kibanda kiliwaka. Ule mchoro wa mwili uliwafaa sana watu wa pale. Mtoto asiyejua neno la Kiingereza aliutazama mguu mwekundu akajua la kufanya, na umati mzima ukamsaidia kwa sauti moja: mguu! Mpige mguu! Ufundi unaosomwa na kila mtu kwa kutupa jicho moja ni ufundi wa hali ya juu, nami ningependa magemu ya leo yenye menyu ndani ya menyu yaje kuchukua somo hapa.

Panapopwaya

Nalipenda, kwa hiyo nitalisema. Watazamaji wa ukumbini ni bapa kama karatasi. Mwamuzi wakati mwingine anazubaa pale unapomhitaji ahesabu. Safari ya msimu, pamoja na uhuru wake wa kuingia kwa meneja Eric Bischoff au Stephanie McMahon na kuchagua ugomvi wako, inaendeshwa kwa maandishi matupu bila sauti za wahusika, na ukiirudia matukio yanaanza kufanana. Jambo zito zaidi ni lile pambano la wanawake ambalo ushindi wake ni kumvua mpinzani nguo. Trish Stratus, Lita na Victoria walikuwa wanamieleka wa kweli, wenye mbinu zao, na walistahili kuheshimiwa kama wenzao wa kiume. Sehemu hiyo mimi naipita, na kinachonifurahisha ni kwamba ukiwachukua wanawake hao katika pambano la kawaida, mfumo wa gemu unawatendea haki kamili.

Ushauri wa kiufundi: kwenye flati skrini picha inafifia kidogo, kwenye TV ya chogo inang'aa ilivyokusudiwa. Kagua diski isiwe na mikwaruzo, lenzi isiwe imechoka, na memori kadi iwe na nafasi, la sivyo Mbabe wako atapotea ukizima umeme.

Uamuzi

Tisa kwa kumi, na hiyo moja nimeikata kwa yale niliyoyataja. Yuke's waliendelea kutengeneza magemu ya WWE hadi 2K19, THQ ilishafilisika, na picha zimekuwa nzuri kuliko tulivyoota. Lakini hapa mwili una kumbukumbu, uzito ni uzito, na ushindi unaupanga tangu mshiko wa kwanza. Anza na pambano la mmoja kwa mmoja, chagua kiungo kimoja cha mpinzani, kiandame bila huruma mpaka asalimu amri. Ukishaionja ladha hiyo, waite watu, ongeza pedi, fungua Elimination Chamber, na uwaambie majirani kabisa kwamba leo kutakuwa na kelele!