Nani Alipika Chakula cha Msafiri?

Kitabu cha Mwingereza John Bunyan, The Pilgrim's Progress, kimewafundisha Wakristo wa mataifa mengi kuyaona maisha ya imani kama safari ya miguu. Sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1678, na ya pili mwaka 1684. Hapa tunaitazama siku moja tu ya safari hiyo: siku ambayo Mkristo anapanda Mlima wa Shida na kulala katika Jumba la Uzuri. Sisi tunaoishi Same, miguuni pa Milima ya Upare, tunayo machache ya kusema kuhusu kupanda, na pia kuhusu kupokea wageni.

Kuhusu mwendo, Bunyan anasema kweli. Mkristo anakunywa maji ya chemchemi, anaanza kwa kukimbia, kisha anatembea, mwisho anatambaa kwa mikono na magoti. Yeyote aliyetoka tambarare akapanda kwa miguu kuelekea Mbaga au Chome atamwamini. Katikati ya mlima kuna kibanda cha kupumzikia. Mkristo anasinzia humo, na hati yake inamponyoka mkononi. Anagundua akiwa amekwisha kufika juu, hivyo analazimika kurudi kuitafuta. Njia ya kupitwa mara moja anaipita mara tatu, na jua linamchwea. Kibanda kilijengwa na Bwana wa mlima mwenyewe, kwa hiyo kupumzika hakuna dhambi. Hasara inampata kwa kulala fofofo kana kwamba amekwisha kufika.

Usiku anafika kwenye jumba, akipita katikati ya simba waliofungwa minyororo. Bawabu anamwuliza jina, atokako na sababu ya kuchelewa. Kisha mabinti wa nyumba wanamhoji kwa upole, hata mmoja anamwuliza mbona hakuja na mke na watoto, naye analia. Wasomaji wengine huona maswali hayo ni mengi mno kwa mtu aliyechoka. Sisi tunayaona ni ya haki. Nyumba ya Mungu hupokea kwa mikono miwili, lakini haifumbi macho. Baada ya chakula, mgeni analazwa katika chumba kiitwacho Amani, ambacho dirisha lake linatazama mawio ya jua.

Hapo kwenye chakula ndipo tunapomdai Bunyan. Anasema wenyeji walizungumza na mgeni hadi chakula kikawa tayari, kisha wakaketi mezani. Nani aliyeteka maji? Nani aliyepuliza moto? Jiko la jumba hilo halionyeshwi kabisa. Msomaji anabaki akidhani kwamba ukarimu hushuka wenyewe kama umande.

Kwa bahati njema, sehemu ya pili inatengeneza jambo hilo. Mke wa Mkristo anasafiri na watoto wake pamoja na wenzao, na wanafikia nyumbani kwa Gayo, jina linalotukumbusha mwenyeji wa kanisa katika Warumi 16. Sasa mpishi anatajwa, na habari ya malipo inazungumzwa waziwazi: Gayo hawatozi mahujaji, bali anatazamia kulipwa na yule Msamaria Mwema. Kwetu sisi, ukurasa huo unazidi jumba zima la sehemu ya kwanza.

Jambo hili linaonekana hata leo katika Afrika Mashariki. Kila mwaka, kabla ya tarehe 3 Juni, mahujaji huelekea Namugongo, Uganda, kuwakumbuka mashahidi waliouawa kati ya mwaka 1885 na 1887. Wengine hutembea siku nyingi, wakilala makanisani na mashuleni. Picha tunazoziona ni za watembeaji na mabango yao. Lakini kila mguu uliooshwa jioni uliteketewa maji na mtu fulani.

Wapare wanalijua hilo kwa njia ya ndiva. Maji hukusanywa bwawani usiku, na asubuhi hufunguliwa yaende mashambani. Anayemwagilia asubuhi anakuta maji tayari, lakini bwawa lilichimbwa na husafishwa kwa msaragambo, na anayekula matunda yake anatakiwa kushika jembe.

Je, katika sharika zetu ni hivyo? Ikija semina au kwaya kutoka mbali, mara nyingi akina mama walewale hupika tangu alfajiri, na neno lililowaleta wageni huwafikia kupitia dirisha la jikoni. Wageni wanapata chumba cha Amani, wenyeji wanapata moshi. Tukitaka kuwa nyumba ya Gayo, basi siku tunapotangaza wageni kanisani, tutangaze papo hapo na zamu ya maji, kuni na vyombo, akina baba na vijana wakiwemo, ili aliyepika naye aketi na kusikia.