Mstari wa Krenki: Jinsi Injini ya Ford Model T Inavyofufuliwa

Injini ya gari la kisasa ikianza kugonga upande wa chini, fundi hufungua sampu, hupima krenki, kisha humtuma kijana dukani akalete seti ya metali. Vipande hivyo vyembamba vya nusu duara vimeshatengenezwa kiwandani kwa vipimo vinavyojulikana. Kazi iliyobaki ni kuvipachika na kukaza boliti. Mwenye Ford Model T ya 1909 au 1910 hana duka la namna hiyo. Beringi za krenki yake zilisubiwa ndani ya bloku yenyewe. Zikiisha, hakuna njia ila kuyeyusha metali nyingine, kuimimina palepale, na kuichonga mpaka ilingane na krenki itakayozunguka humo.

Ndiyo maana kufufua injini hii hakufanani na ovahoo tuliyoizoea. Waliobuni Model T waliamua mapema kipi kiliwe ili vingine vipone: metali laini ya beringi ichakae, krenki ya feleji ibaki. Fundi anayeifufua anarudisha makubaliano hayo, na karibu kila hatua anayopiga inalenga kuuweka mstari mmoja, yaani mhimili wa krenki, unyooke kutoka mbele ya injini hadi mkiani mwa giaboksi.

Injini yenyewe

Model T ya kwanza ya kuuzwa ilitoka katika kiwanda cha Piquette Avenue, Detroit, mwishoni mwa Septemba 1908. Uzalishaji ulipokoma mwaka 1927, zaidi ya magari milioni 15 yalikuwa yametengenezwa. Injini ina silinda nne zilizosubiwa pamoja katika bloku moja, jambo lisilo la kawaida wakati ule, na silinda hedi inayofunguliwa peke yake. Kipenyo cha silinda ni milimita 95, pistoni inasafiri milimita 102, na ujazo wote ni lita 2.9. Nguvu yake ni farasi 20 tu, katika mizunguko 1,600 kwa dakika.

Krenki yake imeshikwa na beringi tatu, haina vizani vya kusawazisha, na shingo zake zina kipenyo cha milimita 32 hivi. Ni nyembamba. Childe Harold Wills, mtu wa Ford aliyeshughulikia metali, alitegemea feleji yenye vanadiamu ili vipande vyembamba viweze kubeba mzigo. Feleji hiyo inastahimili kupindwa kidogo, lakini haistahimili kupindwa milele, na hapo ndipo matatizo mengi ya injini hizi yanapoanzia.

Zile za mwanzo kabisa zina mambo yake. Magari yapatayo 2,500 ya kwanza yalikuwa na pampu ya maji. Yaliyofuata yaliachiwa maji ya moto yapande yenyewe kwenda kwenye rejeta na ya baridi yashuke. Kabla ya 1911, vali na springi zake zilikaa wazi ubavuni mwa bloku, zikila vumbi la barabarani. Sampu nayo haikuwa na mlango wa kukagulia. Kukaza beringi ya konrodi kulimaanisha kuishusha injini nzima kutoka kwenye fremu. Kwa hiyo anayefufua injini ya kipindi hicho hana nafasi ya kusema atarekebisha baadaye.

Kupima kabla ya kuyeyusha

Mgeni wa kazi hii hukimbilia pistoni. Mzoefu huanza na sampu. Katika Model T, sampu ni sinia moja refu la bati la chuma linalobeba injini, flaiwili na giaboksi kwa pamoja. Mwisho wake wa nyuma unashika kofia yenye umbo la mpira ambamo mkia wa giaboksi unazunguka. Mafundi huihesabu kuwa beringi ya nne. Gari lenye miaka zaidi ya mia moja limeshagonga mawe na kuinuliwa kwa jeki mahali pasipofaa, na sampu hupinda. Ikipinda, inausukuma mkia upande. Krenki haiwezi kukataa. Inajipinda kidogo katika kila mzunguko, mamia ya mara kwa dakika, mpaka siku moja inakatika. Mwenye gari atalaumu uzee wa chuma, kumbe kosa lilikuwa kwenye bati la chini. Ndiyo sababu sampu hufungwa kwanza kwenye fremu maalumu ya kunyooshea, ikapimwa na kurudishwa kwenye umbo lake.

Krenki hufuata. Husafishwa, hutiwa usumaku, na kunyunyiziwa unga laini wa chuma ambao hujikusanya penye ufa hata kama jicho halioni kitu. Yenye ufa haitengenezwi, inawekwa kando. Nzima hunyooshwa, kisha shingo zake husagwa ziwe duara kamili. Bloku nayo hukaguliwa nyufa, hasa kati ya vali na silinda, mahali ambapo moto na maji vinatenganishwa na ukuta mwembamba wa chuma cha kusubu.

Metali laini

Metali ya beringi hizi huitwa babiti, kwa jina la Mmarekani Isaac Babbitt aliyesajili uvumbuzi wake mwaka 1839. Ile inayofaa injini kama hii ni bati tupu kwa asilimia 85 hadi 90, pamoja na antimoni na shaba kidogo. Siri yake iko katika mchanganyiko usio sawa ndani kwa ndani: chembe ngumu zimesambaa katika bati laini. Chembe hubeba shingo ya krenki, na bati linalozizunguka hulika kidogo na kuacha vijia vya kupitisha mafuta.

Ulaini huo una kazi ya pili. Model T haina pampu ya mafuta wala chujio. Flaiwili huyachota mafuta na kuyarusha. Mengine huanguka ndani ya faneli ndogo na kusafiri kwa bomba jembamba hadi kwenye gia za mbele, kisha hurudi nyuma yakijaza vibakuli ambamo vichwa vya konrodi huchovya. Mafuta hayohayo huosha giaboksi, ambamo mikanda yenye kitambaa cha pamba hukaza ngoma na kumwaga nyuzi zake. Uchafu hauepukiki. Punje ngumu ikifika kwenye beringi huzama ndani ya babiti na kunyamaza humo badala ya kuikwaruza krenki.

Kumimina

Babiti ya zamani huyeyushwa na kutolewa yote, kisha bloku husafishwa mpaka ibaki chuma kitupu. Babiti haigandi vizuri juu ya chuma cha kusubu, hivyo makao ya beringi yana matundu ambamo metali huingia na kujishika. Konrodi ni tofauti: feleji yake hupakwa bati kwanza, ili metali inayomiminwa ishikamane nayo.

Bloku hupashwa moto kabla. Ikiachwa baridi, babiti itaganda ukutani kabla haijajaa, na kuacha tabaka zisizoungana. Mhimili wa chuma unaoshika nafasi ya krenki hupakwa masizi ili metali isiung'ang'anie, na mianya yote huzibwa kwa udongo maalumu. Babiti hutiwa moto mpaka nyuzi 400 na kidogo za Selsiasi. Mafundi wa zamani, wasio na kipimajoto, walichovya kijiti cha msonobari: kikigeuka rangi ya kahawia na kuungua bila kushika moto, metali iko tayari. Ikichemshwa kupita kiasi, hutengeneza takataka juu na kuharibika.

Kisha humiminwa mara moja bila kusita. Mkono ukikatika katikati, panabaki mshono, na beringi yenye mshono itapasuka hapohapo. Ikishapoa husinyaa kidogo, kwa hiyo hugongwa kwa nyundo taratibu ili itanuke, ijaze matundu yake na kukaa imara.

Kuchonga mstari

Beringi zilizotoka kumiminwa zina tundu dogo kuliko shingo za krenki. Nondo moja yenye kisu hupitishwa katika zote tatu na kuzichonga kwa mpigo mmoja, kwani zikichongwa moja moja hazitakaa kwenye mstari. Kabla kisu hakijagusa kitu, fundi huhakikisha nondo iko umbali sahihi kutoka kwenye kamshafti. Krenki ikisogea karibu na kamshafti hata kwa kiasi kidogo, gia za mbele zitabanana na kulia. Ikisogea mbali, zitagongana kwa ulegevu na muda wa vali utayumba.

Nafasi kati ya shingo na beringi inayotafutwa ni takriban milimita 0.04, unene usiofika wa unywele wa kawaida. Krenki hupakwa rangi ya bluu, hulazwa, huzungushwa na kuinuliwa. Palipopata rangi pana kinundu. Hapo hukwaruliwa kwa kisu. Zoezi hurudiwa hadi bluu isambae karibu kila mahali. Kati ya kofia ya beringi na bloku huwekwa shimu za shaba ya manjano zilizopangwa kwa tabaka. Babiti itakapochakaa, mwenye gari ataondoa tabaka moja na beringi itakaza tena. Uchakavu, kwa maneno mengine, umewekewa akiba tangu mwanzo.

Beringi ya nyuma na cheche

Kosa dogo katika beringi ya nyuma huonekana mahali usipotarajia: kwenye umeme. Flaiwili ya Model T ndiyo jenereta yake. Imebeba sumaku 16 zenye umbo la V, na mbele yake, kwenye bloku, kuna duara la koili 16 zisizozunguka. Nafasi kati yao ni milimita 0.8 hivi. Umeme unaozalishwa hapo hupitia sanduku la mbao lenye koili nne zinazotetemeka, moja kwa kila silinda, kabla ya kufika kwenye plagi.

Nafasi hiyo ya sumaku hulindwa na mabega mawili ya babiti kwenye beringi ya nyuma, yanayozuia krenki isisogee mbele wala nyuma. Bega likilika, dereva anayesukuma hendeli ya kuwashia huirudisha krenki nyuma, sumaku hujitenga na koili, na cheche hufifia wakati ule ule zinapohitajika. Likilika bega la pili, flaiwili husogea mbele na sumaku zinaweza kuzikwangua koili. Fundi asiyejua atabadilisha plagi na waya bure. Anayejua atapima kwanza krenki inacheza kiasi gani.

Silinda, pistoni na vali

Huku juu kazi inafanana zaidi na ya injini yoyote. Silinda huchongwa na kusuguliwa, pistoni za saizi kubwa kidogo hutiwa pamoja na ringi tatu kila moja, na zote nne hupimwa uzito zilingane. Vali za asili zilikuwa na kichwa cha chuma cha kusubu kilichounganishwa na mguu wa feleji, na kichwa kiliweza kukatika. Siku hizi hutumiwa za kipande kimoja. Tapeti za Model T hazina skrubu ya kurekebishia. Nafasi ya vali, kati ya milimita 0.4 na 0.8, hupatikana kwa kuusaga mwisho wa mguu wake, na aliyesaga kupita kiasi hawezi kurudisha alichokiondoa.

Kipi kibadilishwe?

Hapa ndipo mjadala ulipo, kwa sababu soko la vipuri vipya vya Model T ni kubwa na kila muuzaji anaahidi injini bora kuliko ya Ford. Kigezo kimoja kinatosha kuchuja: je, badiliko linaipunguzia krenki mzigo au linaiongezea?

Pistoni za alumini zinapita. Ni nyepesi kuliko zile za chuma cha kusubu, kwa hiyo krenki inavutwa kwa nguvu ndogo zaidi kila pistoni inapogeuka. Sharti ni kuziachia nafasi kubwa zaidi kwenye silinda, maana alumini hutanuka kwa moto mara mbili ya chuma. Bomba la ziada la mafuta kwenda mbele nalo linapita, kwa kuwa lile la asili huzibwa na nyuzi za pamba.

Hedi ya mgandamizo mkubwa haipiti. Injini za mwanzo ziligandamiza mchanganyiko karibu mara 4.5, na beringi tatu nyembamba zilipimwa kwa kazi hiyo. Kuziongezea nguvu ni kuikopa krenki uhai wake kwa riba.

Metali za kisasa za kupachika zinahitaji tahadhari zaidi. Zinaokoa kazi yote ya kumimina, lakini tabaka lao laini ni jembamba mno kumeza uchafu, na zimebuniwa kwa mafuta yaliyochujwa yanayosukumwa na pampu. Anayezitia bila kubadilisha mfumo wa mafuta ameondoa kipande kilichokubali kuchakaa na kuiacha krenki ipokee pigo hilo yenyewe. Anayebadilisha yote mawili atapata injini nzuri ya safari ndefu, ila hatakuwa amefufua injini ya 1909; atakuwa amejenga nyingine ndani ya bloku yake.

Kwa injini hizi za mwanzo, chache zilizobaki, nashauri babiti. Gharama yake ni ustadi na subira, na faida yake ni kwamba itakapochakaa tena, itachakaa mahali pale pale ilipokusudiwa, na fundi mwingine ataweza kuimimina upya juu ya krenki iliyo nzima.