Solo Apewe Nani?

Jumamosi alasiri, kwenye kipilefti chenye sanamu ya samaki katikati ya Jiji la Mwanza, misafara ya harusi haikosekani. Mbele hutangulia pikapu iliyobeba matarumbeta: vijana sita, saba, hadi kumi, ngoma kubwa imeegemezwa kwenye bodi, besi imemzunguka mpigaji wake kuanzia kiunoni hadi begani, kila mmoja amejishikiza anavyojua. Wimbo wanaoupiga unajulikana na kila aliye barabarani. Dereva wa bodaboda anauimba, mama anayeuza ndizi anauimba. Juu ya pikapu, hata hivyo, hakuna anayeimba. Mwimbaji aliyeurekodi hayupo, kinanda hakipo, gitaa la solo halipo, waitikiaji hawapo. Kazi zao zote zimegawanywa kwa vyombo vichache vya shaba, na yupo mtu aliyekaa chini akaamua nani abebe nini. Makala haya ni ya kumsifu huyo, mpangaji wa muziki.

Kazi yake huanza pale maneno yanapoondoka. Nyimbo zetu nyingi, za kanisani na za bongofleva, hubebwa na silabi. Mwimbaji anaweza kukaa kwenye noti moja kwa silabi saba au nane na usimchoke, kwa sababu kila neno linaleta jambo jipya. Mpe mpiga tarumbeta mstari huohuo kama ulivyo, utasikia ta-ta-ta-ta-ta, mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyo na mwenyewe. Noti zimetimia, wimbo haupo.

Mpangaji mchanga humlaumu mpigaji. Mzoefu hujiuliza mstari ule ulikuwa na kazi gani. Kama ulikuwa unasimulia, anapunguza mapigo ya ulimi: anaunganisha silabi mbili tatu kwa pumzi moja, na ile silabi ya pili kutoka mwisho, ambayo Kiswahili huikazia, anaipa noti ndefu na nguvu kidogo, nyingine zinapitwa kwa wepesi. Kama ulikuwa unahimiza, mdundo wa maneno anawapa wapiga ngoma ndogo, na tarumbeta linabaki na noti nne au tano tu, zile zinazotosha kumkumbusha msikilizaji. Yaliyobaki msikilizaji anayamalizia mwenyewe.

Halafu linakuja suala la kumchagua mbebaji. Wengi huamini kwamba sauti ya mwanamke ni ya tarumbeta, ya mwanamume ni ya tromboni. Kanuni hiyo husaidia mara nyingi, na mara nyingine ndiyo inayoharibu wimbo. Chukua mwimbaji wa kike anayeomba kwa unyenyekevu, sauti iko chini, karibu na mazungumzo. Kwenye kimo hicho tarumbeta liko katika noti zake za chini, ambako halina mng'aro na haliwezi kushindana na injini ya gari. Ukilipandisha oktavu moja litasikika, lakini ombi litakuwa limegeuka amri. Tromboni, kwenye kimo kilekile cha sauti, iko katika sehemu yake ya juu. Hapo inabana kidogo, na kule kubana ndiko kunakoleta hisia ya mtu anayeomba. Tena haina vitufe vya kubonyeza. Mkono husogeza bomba katika nafasi saba, na kati ya noti moja na nyingine inaweza kuteleza kama koo la mwimbaji linavyoteleza. Kwa hiyo solo ya dada inakwenda kwa kaka mwenye tromboni, na mashangazi walio kwenye gari la nyuma wanaitambua mara moja.

Kuna pia hesabu ya midomo. Kutoka kanisani hadi ukumbini, na kituo cha picha kando ya ziwa katikati yake, ni safari ndefu kwa misuli ya midomo. Mpangaji akimwachia mtu mmoja beti zote, ubeti wa nne utatoka na noti zilizopasuka. Kwa hiyo ubeti wa kwanza anampa mpiga tarumbeta wa kwanza, wa pili tromboni, wa tatu wote wawili kwa oktavu, kiitikio wote. Mmoja anapopumzika, msikilizaji anapata sauti mpya. Asiyejua atadhani ni mapambo, kumbe ni namna ya kufika ukumbini salama.

Swali hilihili la nani apewe solo limewashughulisha wapangaji wa bendi kubwa za upepo huko Ulaya na Marekani kwa vizazi vingi. Bendi za aina hiyo, zilizokua na majeshi na baadaye shule, hazina safu ya fidla. Kazi za fidla kwa kawaida huangukia klarineti, na hilo halina mjadala mkubwa. Mjadala uko kwenye solo. Utangulizi wa opera ya Rossini, William Tell ya mwaka 1829, unaanza na selo tano za solo. Bendi haina hata moja, na mpangaji lazima achague kati ya yufoniamu yenye sauti nene na laini, saksafoni, na klarineti za chini. Simfonia ya tisa ya Dvořák, ya mwaka 1893, ina solo maarufu ya kori anglee, chombo ambacho bendi nyingi za shule hazina. Mpangaji mwangalifu huiandika solo hiyo kwa noti ndogo kwenye karatasi ya mpigaji mwingine, tuseme wa saksafoni alto, ili aichukue endapo mpiga kori anglee hayupo.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mtunzi Ravel. Mwaka 1922 alizipangia okestra nyimbo za Mussorgsky zinazoeleza picha, zilizoandikwa kwa piano mwaka 1874. Wimbo wa ngome ya kale akaupa saksafoni alto, chombo kilichokuwa nadra katika okestra. Wimbo wa mkokoteni wa ng'ombe akaupa tuba, tena juu sana, kiasi kwamba okestra nyingi leo humpa mpiga yufoniamu. Ravel hakutafuta chombo kinachofanana na piano. Alitafuta chombo kinachoweza kuufanya wimbo ule utembee kwa uzito wake.

Matarumbeta yetu yana shule yake pia. Kwaya za tarumbeta za Kilutheri nchini zina asili ya Ujerumani, ambako Mchungaji Johannes Kuhlo wa Bethel aliwafundisha wapigaji kusoma moja kwa moja kutoka kitabu cha nyimbo cha sauti nne, noti kama zinavyosikika kwenye kinanda. Desturi ya bendi za kijeshi za Kiingereza ni nyingine: mpiga tarumbeta la Bi-flati akisoma Do, kinachosikika ni Bi-flati. Kijana aliyelelewa katika desturi moja akikutana na karatasi ya nyingine, mazoezi husimama mpaka mpangaji aandike upya. Shule ya kitabu cha nyimbo ina faida yake, kwani inafundisha sauti nne kuheshimiana. Ina mtego wake pia, kwani inazoesha watu kwamba wimbo wenyewe daima ni mali ya aliye juu.

Dawa ya mtego huo ilikuwepo kwenye nchi za maziwa kabla ya shaba kufika. Katika falme za Buganda na Bunyoro, amakondere ni pembe za vibuyu ambazo kila moja hutoa noti moja tu. Wimbo haubebwi na yeyote. Unapatikana pale kila mmoja anapoingia kwa zamu yake. 

Mpangaji wa Mwanza hurudi kwenye akili hiyo anapofika kwenye sebene. Gitaa la solo hutiririsha noti za haraka bila kuvuta pumzi, jambo ambalo hakuna mpiga tarumbeta anayeliweza kwa dakika mbili mfululizo. Anaukata mstari vipande, anavigawa kwa matarumbeta mawili, mmoja akimaliza noti nne mwenzake anadaka. Kazi iko kwenye makutano: noti ya mwisho ya huyu iwe ndiyo ya kwanza ya yule, la sivyo pengo litasikika. Ikikaa sawa, mtaa mzima unasikia gitaa moja.

Familia zinapokwenda kukodi matarumbeta, huuliza idadi: mko wangapi, mna besi ngapi? Bei hupanda kwa vichwa. Mimi ningeongeza swali moja kabla ya kutoa malipo ya awali: nani anawapangia? Kundi la watu sita lenye mpangaji mzuri litaupiga wimbo wa bibi harusi mpaka wageni wamwitikie mwimbaji ambaye hayupo, na kundi la watu kumi na wawili lisilo naye litapiga kelele tu.