Sifuri Nukta Nne

Mwaka 2014 watafiti wawili wa Muscat, Oman, walichapisha makala fupi ya kitaalamu kuhusu shampuu waliyoitengeneza kwa mitishamba, wakailinganisha na shampuu za dukani. Wengi wataisoma wakitafuta vipimo vya kuchanganyia. Mimi naisoma kama utungo, na umbo lake limefichua mengi kuliko lilivyokusudia.

Orodha ya viungo ndiyo tamu zaidi. Shikakai, ritha na amla ni vya Bara Hindi, vinajulikana tangu kale katika uoshaji wa nywele. Kisha unaingia mkunazi, pamoja na ndimu, na hapo ndipo Oman inapojitambulisha. Kwa msomaji wa pwani yetu mkunazi hauji peke yake: majani yake hutumika kuoshea maiti. Muhtasari wa makala unautaja kwa jina la Kilatini na kupita. Mmea hauna tena nyumba, wala bibi wa kuutwanga.

Tazama sasa kinachoibeba mimea hiyo: mmumunyo wa gelatini wa asilimia 10. Gelatini hutengenezwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Kihifadhi ni methili parabeni, kiasi kidogo tu, nayo asidi ya sitriki inarekebisha pH. Hakuna uongo. Kichwa cha makala kinatangaza mitishamba kwa sauti, kiwanda kinanong'onwa ndani ya aya. (Maji ya mimea yasiyo na kihifadhi huvunda upesi, kwa hiyo parabeni hainisumbui. Mnong'ono ndio unaonisumbua.)

Vitenzi navyo viko katika kauli ya kutendwa: dondoo zilichanganywa, povu lilipimwa kama linadumu baada ya dakika tano. Hatumwoni mtu, ingawa povu lenyewe halisafishi nywele na linapimwa kwa sababu tu mnunuzi hulipenda. Mkono wa binadamu unajitokeza mwishoni, pale watu waliojitolea wanapopapasa vishungi vya nywele na kuvipa alama za ulaini kati ya 4. Shampuu ya mitishamba ilipata 3.0, ya dukani 3.4, na kishungi cha kulinganishia kikaambulia 0.3.

Hiyo 0.3 ni ya lazima kisayansi, lakini pia inafanya kazi ya balagha. Iondoe, ubaki na 3.0 na 3.4: mmoja ameshindwa kwa sifuri nukta nne. Irudishe, na wale wawili wanaonekana wamesimama pamoja juu mlimani huku wa tatu akiwa bondeni. Waandishi wanaegemea mandhari hayo ya pili, wanasema shampuu yao inalainisha nywele kwa kiwango bora, sawa na za sokoni. Sentensi inayofuata inaomba uthibitisho zaidi wa kisayansi kuhusu ubora wake. Ningekuwa mhariri wao ningelifuta lile neno la usawa, nikaiacha 3.0 ijisemee. Kwa mchanganyiko wa mimea na gelatini, kuikaribia shampuu ya kiwanda kiasi hicho si haba.