Kushirikiana Hadithi na Kugawiana Majibu

Hapana shaka kwamba kitabu huweza kuandikwa na mtu mmoja, lakini hakiwezi kuishi kwa mtu mmoja. Ngano zetu zililitambua jambo hili zamani. Mtambaji hakuanza kusimulia mpaka wasikilizaji wamwitikie, na hadithi ilipokwisha wao ndio waliobaki wakibishana kama sungura alitenda haki ama alidhulumu. Siku hizi mabishano ya namna hiyo hufanyika pia kwa njia ya intaneti, baina ya watu wasiopata kuonana, na mara nyingi huhusu michezo ya video pamoja na vitabu. Katika makala haya tunakusudia kuuliza swali moja: je, mpenzi wa hadithi anapompa mwenziwe alichokipenda, humpa nini hasa?

Ili tusizungumze hewani, tutaitazama kazi moja iliyopendwa kwa njia zote mbili. Mwandishi wa Poland, Andrzej Sapkowski, alipeleka hadithi fupi iitwayo "Wiedźmin" katika shindano la jarida la Fantastyka. Hadithi hiyo ilipata nafasi ya tatu, ikachapishwa katika jarida hilo mwaka 1986. Mhusika wake mkuu, Geralt, ni mtu aliyefunzwa tangu utotoni kuwinda mazimwi kwa ujira. Zikafuata hadithi nyingine, kisha riwaya tano za mfululizo mmoja zilizotoka kati ya mwaka 1994 na 1999. Baadaye kampuni ya CD Projekt ya huko huko Poland ilitengeneza michezo mitatu ya video juu ya mhusika huyo, katika miaka ya 2007, 2011 na 2015. Ilipofika mwaka 2023, kampuni hiyo ilitangaza kwamba mchezo wa tatu peke yake ulikuwa umeuzwa nakala zaidi ya milioni 50.

Dhamira kuu ya kazi hii ni ugumu wa kuchagua. Katika mkusanyo wa hadithi uitwao "Ostatnie życzenie" wa mwaka 1993, imo hadithi ambayo jina lake lina maana ya uovu ulio mdogo zaidi. Geralt anaingia katika mji mdogo na kumkuta mchawi aliyejificha mnarani, akimwogopa binti aitwaye Renfri ambaye amekuja kumwua. Mchawi anadai kwamba binti huyo alizaliwa na laana. Binti naye anaeleza jinsi maisha yake yalivyoharibiwa kwa sababu ya mchawi. Kila mmoja anamtaka Geralt achague uovu ulio mdogo. Yeye anakataa. Lakini anapoamini kwamba watu wa sokoni watauawa, anawaua wenzake Renfri na kisha Renfri mwenyewe. Watu wa mji aliodhani amewaokoa wanampiga mawe, naye anaamriwa aondoke asirudi tena. Mwandishi hatuambii kama mauaji yale ya sokoni yangetokea kweli.

Wasomaji wote wa hadithi hii husoma maneno yale yale. Wanapokutana, hawaulizani nini kimetokea, bali huulizana maana ya kilichotokea. Je, Geralt alikosea alipokataa kuchagua, au alipochagua? Hapo ndipo uhakiki unapozaliwa.

Katika mchezo wa video hali ni tofauti, na yafaa tofauti hii ieleweke vizuri. Katika The Witcher 3, mchezaji hukutana na kabaila mmoja mlevi aliyempiga mkewe hata mke na binti yao wakakimbia. Katika kuwatafuta, mchezaji hufika penye pepo aliyefungwa chini ya mti, naye huamua ama kumfungua ama kumwua. Akimfungua, watoto yatima walioko kinamasini huokoka, lakini kijiji huangamizwa, mke wa kabaila hufa, na kabaila hujitoa uhai. Akimwua, watoto wale hawaonekani tena. Mke hubaki hai lakini akili zake zimepotea, na kabaila hufunga safari ndefu kumtafutia mganga. Mchezaji huamua bila kujua litakalofuata.

Basi tazama linalotokea wachezaji wawili wanapozungumza. Mmoja anasema kabaila alijiua. Mwenziwe anashangaa, kwani wake alimwona akiondoka na mkewe. Kila mmoja ana kipande kimoja tu cha kazi, na kazi nzima haionekani mpaka vipande viwekwe pamoja. Kwa msomaji wa kitabu, mazungumzo huja baada ya kusoma. Kwa mchezaji, mazungumzo ni sehemu ya kusoma kwenyewe. Hii ndiyo sababu mojawapo, kwa maoni yetu, ya wapenzi wa michezo ya namna hii kutafutana kwa bidii kubwa.

Wako wanaosema kwamba michezo ya video ni upuuzi usiostahili kutajwa pamoja na fasihi. Sapkowski mwenyewe amesema hadharani kwamba yeye si mchezaji wa michezo hiyo. Hatukubaliani na dharau hiyo, lakini hatutaki kuficha udhaifu uliopo. Saa nyingi za mchezo huu ni za kukata kwa upanga tu, wala hazimwongezei mtu busara. Tena, mchezaji asiyependezwa na matokeo huweza kurudi nyuma na kuchagua upya. Geralt wa kitabuni hapewi nafasi hiyo: damu ikishamwagika, imemwagika. Katika jambo hili kitabu kina ukweli ambao mchezo umeupunguza. Kwa upande mwingine, mchezo unamtoa mtu katika raha ya kumhukumu Geralt kwa mbali. Unamweka mahali pake na kumdai jibu.

Mapenzi ya hadithi yakiwa ya kweli, huzaa kazi. Wasomaji wa Kiingereza walipata kitabu cha kwanza cha Sapkowski kwa lugha yao mwaka 2007, na riwaya ya mwisho ya ule mfululizo wa tano wakaipata mwaka 2017, miaka 18 baada ya Wapolandi. Katika miaka hiyo ya kungoja, baadhi ya wapenzi waliojua lugha zote mbili walifasiri riwaya zilizobaki na kuwapa wenzao bila malipo. Twajua kwamba tafsiri zisizo na idhini huleta swali la haki ya mwandishi, wala hatulipuuzi. Lakini wahenga walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Watu hao walizipima sentensi moja moja ili mwingine apate nafasi ya kusoma na kuamua mwenyewe.

Ipo, hata hivyo, namna nyingine ya kutoa, nayo ndiyo inayotutia wasiwasi. Mchezaji mpya huuliza: nichague lipi nipate mwisho mzuri? Mara moja hupewa orodha ya majibu: hapa mfungue pepo, pale sema hivi, kule nyamaza. Mchezaji huyo atafika mwisho, lakini hatakuwa amechagua kitu. Uzito wote wa kazi, yaani kuamua pasipo kujua, umeondolewa na mkono wa rafiki.

Walimu na wanafunzi hawana haja ya kwenda Poland kuliona jambo hili. Vitabu vya miongozo vya riwaya na tamthilia zinazotahiniwa vimejaa katika maduka yetu. Ndani yake dhamira zimeorodheshwa, wahusika wamekwisha kuhukumiwa, na tamathali za semi zimehesabiwa. Hatusemi kwamba miongozo yote ni mibaya. Kuuliza si ujinga, na mwanafunzi aliyekwisha kusoma huweza kunufaika kwa kulinganisha mawazo yake na ya mwingine. Lakini anayeanza na mwongozo, na pengine kuishia hapo, huingia katika chumba cha mtihani akiwa na hukumu juu ya mtu asiyepata kukutana naye.

Kwa hiyo kipimo chetu si kama hadithi imo katika karatasi au katika kioo cha kompyuta. Kipimo ni hiki: baada ya mazungumzo, je, mwenzako anabaki na kazi ya kufanya, ama umekwisha kumfanyia? Mwalimu anaweza kukitumia kipimo hiki darasani. Na aisimamishe hadithi pale mhusika anapotakiwa kuamua, awaache wanafunzi waandike uamuzi wao na sababu zake, kisha wasomeane kabla ya kufungua ukurasa unaofuata. Watakaotofautiana watabishana, na katika kubishana watarudi wenyewe kitabuni kutafuta ushahidi.