Skrubu ya milimita 5 inayogoma katikati

Kabureta ya pikipiki ya Honda ya mwaka 1965 ikipoteza skrubu moja, fundi huchukua nyingine ya milimita 5 kwenye kopo. Inazunguka raundi mbili au tatu, kisha inakaza. Wengi hapo huongeza nguvu, na uzi wa kabureta unakufa.

Unene ni uleule. Kilichotofautiana ni hatua ya uzi, yaani umbali kutoka jino moja hadi linalofuata. Kiwango cha zamani cha Japani, JIS, kiliipa skrubu ya milimita 5 hatua ya 0.9, ya milimita 4 hatua ya 0.75 na ya milimita 3 hatua ya 0.6. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watengenezaji wa pikipiki wakahamia vipimo vya ISO: 0.8, 0.7 na 0.5. Ya milimita 6 ilibaki na 1.0 yake, ndiyo maana bolti kubwa za injini hiyohiyo hazisumbui. Tofauti ya 0.1 huonekana ndogo mno, lakini hujumlishwa kila raundi. Kufikia ya nne meno yamepishana karibu nusu ya hatua, na chuma kinaanza kuchana aloi laini.

Chukua skrubu iliyosalia, isugue kwa brashi ya waya na petroli, kisha pima kwa vernier kutoka ncha ya jino la kwanza hadi ya jino la sita. Ukipata milimita 4.5 ni JIS ya zamani. Ukipata 4 ni ISO. Huna vernier? Ilaze ubavuni mwa skrubu unayoijua, meno kwa meno, uziinue kwenye mwanga. Zikilingana, mwanga haupenyi. Na pima kila skrubu, kwa sababu pikipiki ya umri huo imepita mikono mingi.

Skrubu ya 0.9 haipatikani duka la kawaida. Itafute kwenye pikipiki chakavu za rika lile. Kupiga tapi ya 0.8 juu ya uzi wa 0.9 sikushauri hata kidogo: meno mapya hukata ya zamani, yanayobaki hayashiki. Uzi ukishakufa kabisa, toboa kwa biti ya milimita 5 na upige tapi ya M6, mradi ukuta wa tundu ni mnene. Tundu la kifuniko nalo lipanuliwe.

Skrubu yoyote mpya ianze kuingia kwa vidole. Ikigoma kabla ya kufika mwisho, itoe, usiifuate na bisibisi.