Kigari Hakipandi Ngazi

Kuna aina moja ya maandishi ambayo wahakiki wetu hawaigusi, pengine kwa sababu yenyewe haijiiti maandishi: orodha ya vitu vya mtoto. Tangu tumbo langu lianze kuonekana nimetumiwa orodha saba. Moja ilitoka duka la vifaa vya watoto, imepambwa kwa picha za dubu. Nyingine ni ya binamu yangu aliye Dallas, nyingine ya kikundi cha WhatsApp cha kina mama wa ploti yetu, na nyingine hata sijui ilianzia wapi, ilifika tu. Nimezisoma zote kalamu mkononi, vile ningesoma mkusanyiko wa hadithi fupi, na nataka kuzihakiki kwa sababu rahisi: hakuna hadithi fupi iliyowahi kuniamuru nitoe shilingi 28,000.

Tuanze na sauti. Orodha haiongei na wewe, inakutuma. Kila kitu ni lazima. Lazima kigari, lazima kiti cha mtoto cha gari, lazima mashine ya kupasha chupa moto, lazima begi la nepi lenye mifuko minane. Ukisoma polepole unaanza kumwona mhusika mkuu. Kuna mama ndani ya orodha hii. Ana gari. Ana lifti. Nyumba yake ina chumba kimoja kisicho na kazi, kinachongoja kupakwa rangi. Mlango wake unafunguka kwenye njia ya miguu iliyo sawa kama meza. Na hana msaidizi wa nyumbani, jambo ambalo nitalirudia. Mimi naishi Zimmerman, ghorofa ya nne, ngazi 64. Nimezihesabu, kwa sababu mwezi wa nane wa mimba hukufanya uwe mwanahesabu.

Katika orodha sita kati ya saba, kitu cha kwanza ni kigari. Pramu, kama wazee wanavyoiita. Kwa hivyo tukisome kigari chenyewe, maana nacho kina mwandishi na kina hadhira. Kile kinachotajwa kama cha kwanza kilitengenezwa Uingereza mwaka 1733 na William Kent, mbunifu wa bustani, kwa ajili ya watoto wa Duke wa Devonshire. Kilivutwa na mnyama mdogo kama mbuzi au farasi mfupi. Yaani mtu aliyezoea kuchora bustani za matajiri alibuni kitu cha kuzungushwa kwenye bustani za matajiri, na miaka karibu 300 baadaye hicho kitu bado kinatafuta bustani kila mahali kinapokwenda.

Mwandishi ninayempenda katika historia hii ni mwingine, Owen Maclaren. Alikuwa mhandisi wa ndege, mmoja wa waliobuni miguu ya kutulia ya ndege ya kivita ya Spitfire, ile inayojikunja ndege ikipaa. Alipoona binti yake anavyohangaika safarini na kigari kizito, alichukua akili ileile ya miguu ya ndege, na mwaka 1965 akaja na kigari cha alumini kinachojikunja kama mwavuli, kisichofika kilo 3. Huyo kwangu ndiye wa kwanza kufikiria kwamba mtu mwenye mtoto ana mkono mmoja tu wa ziada. Ukiingia dukani leo, vile vigari vikubwa vyenye matairi ya hewa na mahali pa kuweka kahawa vimemsahau Maclaren kabisa na kurudi kwa Duke. Muuzaji akinionyesha kimoja aliniambia, "Hiki madamu ni kama Prado." Nikamuuliza kina kilo ngapi. Akageukia mume wangu na kuanza kumweleza kuhusu breki.

Hapa Nairobi kigari kina historia nyingine ambayo orodha haiisemi. Neno letu "yaya" lilitujia kupitia "aya", jina ambalo Wareno na Wahindi walimwita mlezi wa watoto wa wenyewe. Mji huu ulianza kuona vigari vikisukumwa na wanawake weusi, ndani yake wakiwa watoto weupe. Pita Lavington au Kileleshwa saa kumi jioni uniambie nani anasukuma. Watoto wamebadilika rangi. Anayesukuma hajabadilika, na aliyenunua yuko kazini.

Halafu kuna barabara. Tumejengewa Expressway ya kilomita 27, ikafunguliwa 2022, na mtu wa miguu haruhusiwi kuikanyaga. Chini yake, na huku kwetu ndani ndani, njia ya miguu ni mahali pa mama mboga, pa bodaboda zinazokwepa msongamano, pa mtaro usio na kifuniko na rundo la kokoto ambalo mtu alilimwaga 2019 akaenda zake. Ndiyo maana kigari cha Nairobi huishi kwenye maduka makubwa na msitu wa Karura. Kinasafiri kwa buti la gari hadi mahali penye sakafu, kinatembezwa, kinarudishwa kwa buti. Kama huna gari, kigari kinahitaji kubebwa ili kiende mahali pa kubeba mtoto. Jaribu kukipandisha kwa matatu ya watu 14 saa kumi na moja jioni, uone kama konda hatakilipisha kama abiria.

Kigari maarufu kuliko vyote katika sinema kiko kwenye ngazi. Ni *Battleship Potemkin* ya Eisenstein, 1925: askari wanashuka ngazi za Odessa wakipiga risasi, mama anapigwa, anaanguka, na mwili wake unakisukuma kigari kikaanza kuteremka peke yake mtoto akiwa ndani. Wakosoaji wameandika mengi kuhusu uhariri wa tukio hilo. Mimi nililiona tena juzi na nikawaza jambo dogo la kinyumbani: kigari ni chombo cha kumbeba mtoto kinachoweza kuendelea bila mama. Mbeleko haiwezi. Ukianguka na mbeleko mnaanguka wawili. Sijui ni kipi kinachotisha zaidi, na kila nikishuka zile ngazi 64 nashika chuma cha pembeni kwa mikono miwili.

Nikifika hapo kwenye mbeleko najua unachotarajia niseme. Eti kigari ni cha mzungu, sisi tuna leso, tumelelewa mgongoni na tukatoka sawa. Hoja hiyo ina nguvu zake. Madaktari wa mifupa wanapenda mtoto akae miguu imetanuka na magoti yamepanda kama chura, na leso ya bibi yako ilijua hivyo kabla yao. Kuna hata mzaha wa kihistoria: miaka ya 60, muuguzi Mmarekani aitwaye Ann Moore alienda Togo na Peace Corps, akaona kina mama wakibeleka watoto, akarudi kwao na kwa msaada wa mama yake akashona kibebeo kilichoitwa Snugli. Hataza ilitoka 1969. Leo vibebeo vya ukoo huo viko kwenye orodha yangu ya binamu wa Dallas, na hapa mjini vinauzwa kwa bei ya doti kadhaa za leso. Tumeuziwa mgongo wetu, na kamba za plastiki juu.

Lakini hoja ya leso, jinsi inavyosemwa, inanichosha kuliko orodha zote. Sikiliza ni nani anaisema. Ni wanaume, mara nyingi, na ni wanawake ambao migongo yao ilishapumzika. Mgongo wa mama umesifiwa katika mashairi ya shule, katika hotuba za mazishi, katika posti za kila Mei, mpaka umekuwa kama fanicha ya taifa. Waswahili walishasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mamangu alitubeleka wanne akiuza viazi Marikiti, na leo hawezi kuinama kuokota kijiko. Nilipompigia kumuuliza kama ninunue kigari ama nitumie leso, nilitarajia mahubiri. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mum, kungekuwa na mahali pa kuwaweka, ningewaweka."

Na kuna upande wa mume wangu, ambao sikuutegemea. Alichagua vigari kwa macho ya mtu anayenunua gari: akavipiga mateke matairi, akaangalia springi, akauliza kama spea zinapatikana. Alifurahi, maze. Ni mara ya kwanza katika safari hii yote ya mimba kwamba kuna kifaa alichokielewa kuliko mimi. Leso hataki kuisikia. Nilimuuliza kama anaweza kupita steji na mtoto mgongoni, wale wasee wa boda wakimwangalia, akacheka kwanza halafu akakosa jibu. Kwa hivyo kigari kinafanya kazi moja ambayo sikuiona kwenye orodha yoyote: kinampa mwanamume ruhusa ya kutembea na mtoto wake hadharani. Kama hiyo ndiyo bei ya saa mbili za Jumapili nikilala, nitalipa. Ila nilimwambia, na namwambia tena hapa mbele ya watu, kwamba inanikera baba kuhitaji mashine yenye breki ndipo ambebe mwanawe.

Tusimlaumu peke yake. Sheria ya Ajira ya 2007 nayo ni orodha ya aina yake. Inampa mama miezi mitatu na baba wiki mbili. Sasa weka hesabu hiyo kando ya mwili wa mtoto. Kumbeleka mtoto vizuri kunangoja shingo ikaze, karibu miezi mitatu au minne. Kigari chepesi cha kujikunja, kile cha Maclaren, kinangoja mtoto aweze kukaa, karibu miezi sita. Maana yake ni kwamba mgongo unapoanza kuhitajika, likizo yangu imeisha. Mgongo utakaombeleka mtoto wangu si wangu. Ni wa dada wa kazi.

Na huyo hayumo kwenye orodha hata moja. Kifaa cha mtoto kinachotegemewa zaidi Nairobi kina miguu miwili na kinalala kwenye kochi la sebuleni. Nimeiandika sentensi hiyo mara tatu nikijaribu kuilainisha na haikubali, na nadhani orodha zinanyamaza kwa sababu hiyohiyo. Ukimtaja inabidi uandike bei yake kando ya bei ya kigari.

Orodha ya saba ndiyo bora, na inastahili kusifiwa. Niliipata kliniki, nusu karatasi iliyotolewa kopi mpaka herufi zimefifia. Ni nomino tupu: pamba, nepi, beseni, sabuni, blanketi, nguo za mtoto, leso mbili. Haina dubu wala "lazima". Mwandishi wake anamjua msomaji wake kabisa, anajua ana pesa ngapi na atakuja na nini mkononi. Kasoro yake ni kwamba inakuambia ulete. Ufini wana orodha kama hiyo tangu 1938, kwanza kwa kina mama maskini, kisha kuanzia 1949 kwa wote waliohudhuria kliniki mapema, na yao huja ikiwa sanduku lenye vitu vyenyewe ndani. Mtoto akivaa nguo zote, sanduku linawekwa godoro na analala humo. Hiyo ni orodha iliyojilipia.

Sisi tumenunua Gikomba, kigari cha mwavuli, kamera, 3,800 baada ya kubishana. Gurudumu moja lilikuwa linacheza na fundi wa baiskeli akalikaza kwa 150. Kabla ya kulipa nilikagua mikanda na breki, nikakiinua kwa mkono mmoja. Mhakiki mwingine yeyote wa vigari aanzie hapo. Mama mkwe ametuma doti kutoka Mombasa. Jioni mume wangu hufunga pakiti mbili za unga mgongoni na kuzunguka sebuleni. Pazia zikiwa zimefungwa, bado.

Kilichobaki ni dada. Juzi niliongea kwa simu na msichana aliyependekezwa na jirani. Nilikuwa nimejitayarisha kwa mambo ya mshahara na siku ya mapumziko. Aliuliza kwanza ni ghorofa ya ngapi.